SOMA KADI YAKO YA ZAHANATI

Ndugu msomaji, unapokwenda zahanati unapewa kadi au daftari. Mganga anaandika humo jina lako, umri wako, uzito wako, ugonjwa wako na dawa ulizopewa. Wengi wetu tunaipokea kadi, tunaikunja na kuiweka sandukuni. Hatuisomi. Tunafikiri maandishi yale ni ya mganga peke yake.

Sivyo. Habari zile ni zako. Zikiwa na kosa, anayeumia ni wewe.

Kosa dogo, hatari kubwa

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye malaria. Dawa ya mseto hutolewa kwa kufuata uzito. Mtoto wa kilo 12 hupewa kidonge 1 mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Jumla ni vidonge 6. Mtoto wa kilo 21 hupewa vidonge 2 kila mara. Jumla ni vidonge 12.

Sasa tuseme mpimaji amekosea. Badala ya 12 ameandika 21. Mtoto atapewa dawa mara mbili ya kipimo chake. Na mtoto wa kilo 21 akiandikwa 12, atapata nusu ya dawa. Malaria inaweza isipone.

Mfano mwingine ni penisilini. Wako watu ambao miili yao inaikataa dawa hiyo. Huwashwa, huvimba na kushindwa kupumua. Wengine huweza kufa. Mtu wa namna hii lazima jambo hilo liandikwe katika kadi yake. Lisipoandikwa, muuguzi mgeni atajuaje?

Maneno yanayoharibu jina

Yako makosa mengine yanayoumiza heshima ya mtu. Katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo kina mama wawili wenye jina moja. Karani akichanganya kadi zao, majibu ya huyu yataandikwa kwa yule. Mama asiye na kifua kikuu ataandikwa kuwa anacho. Mwenzake mwenye ugonjwa atarudi nyumbani bila dawa. Wote wawili wameumia.

Au mtu asiyekunywa pombe anaandikwa kuwa ni mlevi. Tangu siku hiyo, kila akilalamika maumivu, anaambiwa ni pombe. Ugonjwa wenyewe hautafutwi.

Sheria inasema nini

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ilianza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inataka habari za mtu zinazotunzwa ziwe sahihi. Inampa mwenye habari haki ya kuzijua na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Habari za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, yaani zile zinazohitaji kulindwa zaidi. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inapokea malalamiko.

Kabla ya hapo, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kusema kwamba majibu ya kipimo cha UKIMWI ni siri. Mhudumu haruhusiwi kuyatangaza.

Ufanye nini ukiona kosa

1. Soma kadi kabla hujaondoka zahanati. Anza na jina, namba ya kadi, umri na uzito. Usipoelewa neno, uliza. Kuuliza si utovu wa adabu.

2. Mwambie mganga au muuguzi kwa upole: "Naomba tuangalie hapa. Mimi sikuumwa ugonjwa huu." Kama jambo ni la siri, omba mzungumze faragha, si dirishani mbele ya foleni.

3. Usifute wala kuandika juu ya kadi wewe mwenyewe. Mhudumu ndiye apige mstari mmoja juu ya kosa, aandike neno sahihi, atie sahihi yake na tarehe. Kosa lisomeke bado, ili ijulikane kilichobadilishwa.

4. Kosa likiwa la kipimo, omba upimwe tena.

5. Uliza kama kosa hilo limeandikwa pia katika daftari la zahanati au katika kompyuta. Kadi ikirekebishwa na daftari likabaki vile vile, kosa litarudi.

6. Usiposikilizwa, nenda kwa mganga mfawidhi. Ukishindwa hapo, mwone Mganga Mkuu wa Wilaya. Peleka barua fupi, nawe ubaki na nakala. Tume ipo kwa jambo lililoshindikana kote huko.

Si kila neno chungu ni kosa

Ndugu msomaji, tusichanganye mambo mawili. Neno la uongo lirekebishwe. Lakini neno la kweli, hata kama linatia aibu, lina kazi yake. Mgonjwa wa kifafa akiomba ugonjwa wake ufutwe, siku akianguka njiani na kupelekwa zahanati, mganga hatajua aanzie wapi. Habari ya namna hiyo haifutwi, inafichwa. Omba isisomwe na mtu asiyehusika na matibabu yako.

Pengine wewe na mganga hamtakubaliana. Yeye anaona hivi, wewe unaona vile. Basi omba aandike kwamba mgonjwa hakubaliani, na sababu yako. Mganga atakayefuata atasoma pande zote mbili.

Waganga na wauguzi wetu wanafanya kazi nyingi, na foleni ni ndefu. Mtu aliyechoka hukosea. Anayemwonyesha kosa anamsaidia.

Tulijifunza kusoma ili tusidanganywe kwenye mizani ya pamba na kahawa. Tusome na kadi zetu vile vile. Leo jioni toa kadi yako na za watoto wako. Soma jina, soma tarehe, soma uzito. Jirani asiyejua kusoma akikuomba, msomee yake, na yaliyomo yabaki kwako na kwake.