Fishie za zamani zilitaka kutupotezea majina ya wanachama



Sisi ni koperative ya kahawa kando ya Ziwa Kivu. Msimu uliopita, wakati wa kutayarisha malipo ya pili, mama mmoja alifika kwenye biro na kuuliza: «Kwa nini jina langu haliko kwa liste? Kahawa niliileta, na mzani niliuona kwa macho yangu.» Sekretere akatafuta ndani ya ordinateri: hakuna jina. Tukaanza kuangaliana. Kumbe shida haikuwa mzani wala kesiye. Ilikuwa fishie.

Liste yetu iliandikwa katika Excel ya zamani. Fishie za namna hiyo zinaishia na .xls, na barua za Word zinaishia na .doc. Tangu Office 2007, fishie mpya zinaishia na .xlsx na .docx. Za zamani zinafunguka bado, lakini ukurasa wa .xls hauwezi kupita mistari 65.536, ule wa.xlsx unafika 1.048.576. Tena fishie mpya mara nyingi ni nyepesi, na sisi tunaozituma kwa simu tunajua: megabaiti ni franka.

Kijana mmoja alitaka kutusaidia kuzigeuza. Akaweka liste katika namna inayoitwa CSV. CSV inachukua ukurasa mmoja tu, na sisi tulikuwa na ukurasa kwa kila kijiji. Vijiji vingine vikabaki nyuma! Tulipofungua ile CSV katika Excel, sifuri ya mbele ya namba za simu nayo ikapotea. Kosa si la kijana peke yake: hakuna kati yetu aliyehakikisha kazi.

Bahati nzuri, fishie ya kwanza ilikuwa bado kwenye kle USB, ndani ya sanduku la pesa. Mama yule akapata jina lake na haki yake.

Basi, sasa tunafanya hivi:

1. Kwanza tunanakili fishie zote kwenye kle mbili. Moja inalala nje ya biro.

2. Tunafungua fishie, tunachagua «Hifadhi kama», kisha .xlsx ao .docx. Kufuta .xls na kuandika .xlsx kwa mkono hakugeuzi kitu. Excel itakataa kuifungua.

3. Fishie yenye makro inawekwa katika .xlsm, kwa sababu .xlsx inaacha makro.

4. Asiye na Office atumie LibreOffice. Ni ya bure, na inaweza kugeuza fishie nyingi kwa mara moja. Ikishawekwa kwenye ordinateri, haiombi intaneti.

5. Watu wawili wanalinganisha ya zamani na mpya: kurasa ngapi, majina mangapi, jumla ya kilo.

6. Ya zamani haifutwi.

Mwisho, tunachapisha liste na kuibandika ukutani kwenye depo, kabla ya pesa kutoka. Hapo hata mwanachama ambaye hajawahi kugusa ordinateri ana kazi yake: aje na bono zake za mzani, atafute jina lake, ahesabu kilo zake. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake. Yule mama hakujua neno hata moja la Excel, lakini ni yeye aliyegundua kosa.