Hata mizani ya nyutrino hukaguliwa kwa jiwe

Kule Silibwet, Bomet, mkulima hubeba majani mabichi ya chai hadi kituoni, na jasho lake lote huishia kwenye mizani. Ikipunja kilo moja kwa kila gunia, mwisho wa mwezi ni hasara kubwa. Dawa yake ni jiwe la mizani: jiwe la kilo 20 likisoma 19, mizani inasema uongo.

Wanasayansi wanaopima nyutrino wana shida hiyohiyo. Nyutrino ni chembe ndogo mno zitokazo juani. Mabilioni hupenya ukucha wako kila sekunde bila wewe kuhisi. Miaka ya 1990, vyombo viwili, GALLEX nchini Italia na SAGE huko Baksan, Urusi, vilizinasa kwa madini ya galiamu. Nyutrino ikigonga atomi ya galiamu huigeuza kuwa jerimaniamu, nayo huhesabiwa. Hesabu ikatoka karibu nusu tu ya iliyotarajiwa. Je, jua ndilo lililopungukiwa, au mizani inapunja?

Jiwe lao likawa kromiamu 51, madini yaliyotiwa ndani ya tanuri la nyuklia hadi yakawa na mionzi. Nguvu yake hupimika, kwa hivyo idadi ya nyutrino inazotoa inajulikana. Kazi ni ya haraka, maana nguvu hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 28 hivi.

Jaribio likaonyesha upungufu mdogo tu, si nusu. Mizani ikaondolewa lawama. Baadaye, mwaka 2001 na 2002, watafiti wa Canada wakathibitisha kwamba nyutrino za jua hubadilika aina njiani.

Lakini ule upungufu mdogo ulibaki. Mwaka 2019 Baksan walirudia kupima, safari hii kwa jaribio la BEST: kromiamu yenye nguvu zaidi katikati ya tani 47 hivi za galiamu. Penye kutarajiwa 100, walipata 79 sehemu ya ndani na 77 sehemu ya nje. Jiwe limekaguliwa, mizani imekaguliwa, na mwenye kosa hajapatikana. Wapo wanaoshuku kuna aina ya nyutrino isiyopata kuonekana.

Wangeweza kurekebisha tarakimu kimyakimya. Badala yake waliutangaza upungufu wao mbele ya dunia nzima. Basi mwenye kituo cha chai Silibwet, na mchuuzi wetu wa Kongowea, ana udhuru gani wa kuficha jiwe? Liwekwe mezani, mteja alione, mizani ipimwe mbele yake.