Tuwafunze wanafunzi kilichomo ndani ya chupa ya kondishona

Usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii hunijia kila nionapo msichana aliyehitimu kidato cha nne, tena mwenye alama nzuri katika Kemia, akisimama mbele ya rafu ya duka na kuchagua chupa ya kulainishia nywele kwa kutazama rangi yake na picha ya mwanamke iliyobandikwa juu yake. Nyuma ya chupa ile mna orodha ya viambato iliyoandikwa kwa herufi ndogo, na sehemu kubwa ya orodha hiyo inatokana na somo alilolifanyia mtihani. Lakini haisomi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba inasomeka.

Mimi ni mwalimu, na hoja ninayotaka kuitoa leo ni nyepesi kuisema ingawa huenda ikawaudhi baadhi ya wenzangu. Naamini kwamba kondishona, yaani ule urojo mzito unaopakwa nywele baada ya kuoshwa ili zilainike na zisikatike, inastahili kuingia katika maabara za shule zetu. Iingie kama somo kamili la sayansi, si kama mzaha wa siku ya mwisho wa muhula. Wanafunzi waitengeneze kwa mikono yao, waijue inavyofanya kazi, na kwa njia hiyo waweze kuitofautisha na dawa kali ambazo zinauzwa kwa jina hilo hilo la kulainisha.

Tuanze na unywele wenyewe. Unywele ni uzi wa protini iitwayo keratini, na sehemu ile inayoonekana nje ya ngozi haina uhai. Haili, hainywi, wala haiponi ikikatika. Kwa hivyo, chupa inayodai kwamba italisha nywele inamhadaa mnunuzi. Uzi huo umefunikwa kwa magamba membamba yaliyopandiana mithili ya makuti juu ya paa la nyumba, ncha zake zikielekea upande wa mwisho wa unywele. Juu ya magamba hayo mna utando mwembamba wa mafuta ya asili. Maadamu utando upo na magamba yamelala, chanuo hupita bila taabu. Utando ukiondoka na magamba yakiinuka, nywele hukwaruzana, hufungana mafundo na hatimaye hukatika.

Nywele zetu Waafrika zina mtihani zaidi. Uzi wake haukuviringika kama waya. Ni bapa kiasi na umejipinda tena na tena. Mafuta yanayotoka kichwani hupata shida kushuka katika mapindo hayo, na kila pindo ni mahali ambapo uzi unaweza kuvunjika. Hii ndiyo sababu nywele za kipilipili huwa kavu upesi na huhitaji ulinzi. Watu wengi wamezoea kuziita nywele ngumu, ilhali kwa hakika ni nywele zinazokatika kwa urahisi mno.

Sasa tazama jinsi tunavyozitendea. Katika shule nyingi za bweni wasichana huosha vichwa kwa kipande kile kile cha sabuni wanachofulia sare. Sabuni ya aina hiyo ina ubezi, na kipimo chake cha pH hufika 9 au 10. Huondoa uchafu, lakini huondoa mafuta pia na kuyainua magamba. Iwapo maji ni ya kisima chenye chumvichumvi nyingi, sabuni huungana na madini ya kalsiamu na kuacha ukoko mweupe juu ya nywele. Mwanafunzi wa kidato cha nne hufundishwa habari za ukoko huo chini ya mada ya sabuni na maji magumu. Ajabu ni kwamba haambiwi kuwa ukoko uo huo umo kichwani mwake.

Hapa ndipo kondishona inapoingia. Nywele zikiwa zimeoshwa, uso wake huwa na chaji hasi ya umeme, na pale zilipoumia zaidi ndipo chaji hiyo inapozidi. Mtengenezaji huchukua kemikali ambayo molekuli yake ina kichwa chenye chaji chanya na mkia mrefu wa mafuta. Mifano ni setrimoniamu kloridi na behentrimoniamu kloridi, majina ambayo msomaji atayaona katika chupa nyingi akitaka kuyatafuta. Chanya huvutwa na hasi, kama tunavyowafunza watoto katika Fizikia. Kichwa hushika unywele, mkia hubaki nje, na mikia hiyo kwa wingi wake hufanya utando mpya unaoteleza. Aidha, kwa kuwa sehemu zilizoumia zina chaji hasi zaidi, ndizo zinazovuta kemikali hii kwa wingi. Dawa huenda penye jeraha bila ya kuelekezwa na mtu.

Kemikali hiyo peke yake haitoshi. Huchanganywa na alkoholi za mafuta, kama vile setili na stearili. Mwanafunzi asibabaike kwa jina hilo, kwani hizi si alkoholi za kulewesha wala za kukausha ngozi. Ni vipande vyeupe mfano wa nta. Zikiyeyushwa pamoja na ile kemikali yenye chaji chanya kisha zikatiwa maji ya moto, hujipanga matabaka kwa matabaka huku maji yakinaswa katikati. Ndiyo maana kitu ambacho karibu sehemu 90 kati ya 100 ni maji tu huweza kuwa kizito kama maziwa ya mgando.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, vipimo vya gramu 100 vyaweza kuwa hivi: maji yaliyotoneshwa gramu 91, mchanganyiko wa setili na stearili gramu 4, behentrimoniamu kloridi gramu 2, mafuta ya nazi gramu 1, gliserini gramu 1, na kihifadhi kinachofaa kwa vipodozi kisichozidi gramu 1. Nta, mafuta na behentrimoniamu hupashwa moto katika chombo kimoja, maji na gliserini katika kingine, vyote hadi nyuzi 75 hivi za selsiasi. Humiminwa pamoja na kukorogwa bila kukoma mpaka mchanganyiko upoe. Ukishuka chini ya nyuzi 40 hutiwa kihifadhi, kisha asidi ya sitriki kidogo kidogo hadi pH ifike kati ya 4 na 4.5, kiwango ambacho huyafanya magamba ya unywele yalale. Wanafunzi wavae miwani ya maabara na glavu, kwani behentrimoniamu ikiwa bado haijachanganywa na maji huchoma macho.

Hebu fikiria wingi wa mafunzo yaliyomo katika saa moja ya kazi hiyo. Mna kupima uzani, asidi na besi, chaji za umeme, alkoholi, halijoto, na tofauti ya mafuta na maji. Akiongeza jaribio dogo la kutia kondishona ndani ya maji ya sabuni, mwanafunzi atayaona maji yakichafuka na kufanya mabonge, kwa kuwa chaji chanya ya hii na chaji hasi ya ile zimeungana na kubatilishana. Hapo atafahamu mwenyewe kwa nini sabuni yapasa isuuzwe yote kabla ya kondishona kupakwa. Mtaala wa umilisi unatutaka tumfanye mwanafunzi atende badala ya kukariri. Sijui kitendo gani kingekuwa karibu zaidi na maisha yake ya kila siku.

Nimesema kwamba kuna dawa kali zinazojificha nyuma ya neno kulainisha, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kondishona hufanya kazi juu ya unywele. Dawa ya kunyoosha huingia ndani. Nyingi za dawa hizo hutumia sodiamu haidroksidi au besi nyingine kali, zenye pH ya 12 hadi 14, ambazo huvunja vifungo vya salfa vinavyoipa keratini umbo na nguvu zake. Unywele hunyooka, lakini hunyooka kwa kudhoofishwa, na ngozi ya kichwa yaweza kuungua. Sodiamu haidroksidi ndiyo ile ile tunayowaonya wanafunzi wasiiguse kwa vidole katika maabara, kisha jioni wanapakwa vichwani katika saluni bila ya mtu kulitaja jina lake.

Kuna pia dawa za kunyoosha ambazo hutoa hewa ya fomaldehaidi zinapopashwa moto wa pasi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka wa 2004. Halafu mwaka wa 2022 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wanawake wasiotumia dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Miongoni mwa waliozitumia mara nyingi, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, kiasi hicho kilikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano. Hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Hata hivyo, msichana ana haki ya kuujua kabla ya kuketi katika kiti cha saluni.

Wapo watakaoniambia kwamba jibu ni kurudi kwa vya asili. Nawaheshimu, na kwa sehemu wana haki. Mabibi zetu wa pwani walipaka nywele mafuta ya nazi vizazi na vizazi, na sayansi imewaunga mkono. Mwaka wa 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli, wakagundua kwamba ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa. Sababu ni kwamba karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele ilhali baadhi ya mafuta mengine hubaki juu.

Lakini je, kila cha asili ni salama? La hasha! Namjua kijana mmoja mwenye bidii aliyesaga parachichi, akachanganya na tui la nazi na maji ya shubiri, akatia katika chupa na kuwauzia majirani. Kabla ya juma kwisha chupa zilikuwa zimefura na kunuka, nyingine zimeota ukungu. Palipo na maji na chakula, vijidudu huzaana. Kijana huyo hakukosa akili wala mtaji; alikosa somo la kihifadhi. Na ni vijana wangapi leo, waliokosa ajira, wanaojaribu biashara kama hiyo jikoni mwao? Wangefunzwa kupima, kuhifadhi na kuweka kumbukumbu za kila mchanganyiko, wengine wangefika mbele ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, wakiwa na bidhaa inayostahili alama ya ubora. Nazi za Kilifi na Kwale tunazo, parachichi na makadamia za Murang'a tunazo. Kinachopungua ni maarifa ya kuzigeuza.

Watakuwapo pia walimu watakaosema kwamba urembo ni upuuzi, na kwamba shule nyingi huwaamuru wasichana wanyoe, basi kondishona ya nini? Nawajibu hivi. Msichana aliyenyolewa kwa miaka minne hutoka shuleni akiwa hajui lolote kuhusu nywele zitakazoota kichwani mwake, na mwalimu wake wa kwanza huwa ni tangazo la biashara. Tunampeleka sokoni akiwa kipofu, kisha tunamlaumu kwa kujikwaa.

Kusoma orodha ya viambato si kazi ngumu. Kwa kawaida viambato hupangwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi, hadi kufikia vile visivyozidi asilimia 1, ambavyo huweza kupangwa vyovyote. Kihifadhi kinachoitwa fenoksiethanoli hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 katika nchi za Umoja wa Ulaya. Kwa hivyo, chupa iliyopambwa kwa picha ya parachichi ilhali parachichi lenyewe limetajwa baada ya kihifadhi hicho, mara nyingi ina tone tu la tunda hilo. Mwanafunzi anayejua hayo hatalipa bei maradufu kwa ajili ya picha.

Namalizia kwa ombi kwa pande tatu. Walimu wenzangu wa Kemia na Sayansi Kimu wakae pamoja na kuandaa somo hili hata kabla ya kuagizwa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliweke katika vitabu pamoja na sabuni, ambayo tumeifundisha miaka mingi. Nao wataalamu wetu wa Kiswahili watupe istilahi zinazokubalika za vitu hivi, maana msusi wa mtaani na mama mwenye duka hawawezi kujihadhari na jambo ambalo halijatajwa kwa lugha wanayoielewa. Wanafunzi nao wasingoje. Leo jioni kila mmoja achukue chupa iliyo nyumbani kwao, aigeuze, aandike majina matano ya kwanza yaliyo nyuma yake, na kesho amwulize mwalimu kila moja ni kitu gani na hufanya kazi gani.