Kwa nini wazee wanakumbuka foleni za sukari?

Vijana wa Kinampanda na Iramba yote, bila shaka mmesikia wazee wakisimulia foleni za sukari na sabuni miaka ya mwanzoni mwa 1980. Leo tunaeleza kilichosababisha.

Nchi iliishiwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Kisha vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, vikala fedha nyingi. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka shilingi ishushwe thamani ndipo litoe mkopo. Mwalimu Nyerere akakataa.

Msimamo wa namna hiyo ulishatugharimu kabla. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Baadaye China ilitukopesha bila riba, ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975.

Mwalimu aling'atuka 1985. Mwaka 1986 Rais Ali Hassan Mwinyi alikubaliana na IMF. Bidhaa zilirudi madukani, lakini shilingi ilishuka sana, na miaka ya 1990 wananchi wakaanza kuchangia matibabu hospitalini.

Kwa hiyo kila njia ilikuwa na gharama yake, na waliolipa ni wananchi wa kawaida. Ukisikia kwenye redio kwamba nchi imepata mkopo au rafiki mpya, uliza masharti yake ni yapi, na ni kizazi kipi kitakacholipa.