Kitabu Kilichokosa Rafu

Paukwa! Pakawa. Hadithi ya leo, wanangu wa Makongeni hapa Thika, ni ya kitabu kilichopigwa chapa, kikafika Kenya, kisha kikakosa duka la kukipokea.

Mwaka ni 2009. Mwandishi Mwingereza, Michela Wrong, ametoa It's Our Turn to Eat, habari za John Githongo. Githongo aliteuliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 apambane na ufisadi. Akachimba mpaka akaifikia sakata ya ufisadi serikalini iliyoitwa Anglo Leasing, na mwaka 2005 akajiuzulu akiwa London. Kitabuni wakubwa walitajwa kwa majina.

Hapa tegeni masikio. Serikali haikukipiga marufuku. Wenye maduka ya Nairobi wenyewe ndio waliokataa kukiuza, kwa kuwa Kenya ukimchafulia mtu jina kwa maandishi, anaweza kumshtaki mwandishi na muuzaji pia. Na mfano walikuwa nao. Nicholas Biwott, waziri katika serikali ya Rais Moi, alikuwa ameshinda kesi juu ya kitabu kilichogusia kifo cha waziri mwenzake, Robert Ouko, mahakama ikaamuru alipwe shilingi milioni 30. Maduka nayo yaliburutwa kortini. Muuza vitabu hupata faida ndogo kwa kila nakala. Kesi ya namna hiyo ingemfilisi. Simlaumu kwa kuogopa. Ninachosikitikia ni kwamba woga wake ulituamulia sisi sote, kimyakimya. Mwaka 1987, polisi walipozoa madukani riwaya ya Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kikuyu, angalau kila mtu alimjua aliyeamua.

Lakini watu walikitaka kitabu kile cha habari za Githongo. Kikaja ndani ya masanduku ya wasafiri, kikapitia makanisani, wachuuzi wakakitembeza kwenye foleni za magari, nakala za kompyuta zikarushwa kwa barua pepe.

Leo mtaniambia: si tunaagiza kwa simu tu? Kweli, unaweza kuagiza kwa muuzaji wa mtandaoni Nairobi, kitabu kikapakiwa kwenye matatu ya 237 hadi Thika. Ila duka la intaneti nalo lina mwenyewe, na mwenyewe huchagua. Ana haki ya kuchagua. Nisingependa mtu alazimishwe kuuza uongo au matusi. Nataka tu aseme wazi anachokataa na sababu yake, kwa sababu dukani utaona pengo kwenye rafu au utamuuliza mwenye duka, lakini kwenye simu kitabu kilichoondolewa hakiachi alama yoyote.

Mfano upo. Julai ya mwaka huohuo wa 2009, duka la intaneti la Amazon lilifuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kutoka kwenye vifaa vya kusomea vya watu waliokwisha kuvilipia. Hicho cha pili kwa Kiswahili ni Shamba la Wanyama. Aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza, na fedha zilirudishwa. Jeff Bezos, aliyekuwa mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja wa sekondari Marekani, wa miaka 17, alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo ndani ya 1984, na kitabu kilipotoweka maelezo hayo yakabaki bila maana. Akaenda mahakamani. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano, na Amazon ikaahidi kutofuta tena vitabu vya wasomaji wa Marekani kwa namna ile, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, ikiwemo amri ya mahakama.