Mnasihi Asiyetoa Nasaha

Kiswahili kimetuwekea mtego. Kazi ya kumsikiliza mwenye dhiki ya moyo tumeiita ushauri nasaha, na maneno yote mawili maana yake ni kumwambia mtu la kufanya. Basi mtu akienda kwa mnasihi anayefuata njia ya mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers, ile inayomweka mteja mwenyewe katikati, huketi akingoja kuambiwa. Dakika 50 zinapita hajaambiwa. Hutoka akinung'unika kwamba amelipia kusikilizwa, kitu ambacho hata shangazi angempa bure. (Shangazi asingeweza. Kabla hujafika nusu ya kisa, angekuwa ameshamwita mumeo kikaoni.)

Rogers mwenyewe hakuanza hivyo. Kuanzia 1928, huko Rochester, jimbo la New York, alifanya kazi na watoto wenye matatizo akiamini, kama wenzake, kwamba mtaalamu ndiye ajuaye kiini cha shida. Baadaye alisimulia habari za mama mmoja mwenye mtoto aliyewashinda watu. Rogers alikuwa na hakika kwamba chanzo ni mama kumkataa mwanawe tangu mapema, akajaribu vikao chungu nzima kumfanya alione hilo. Haikufaa kitu, wakakubaliana kuachana. Mama alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama pale wanapokea na watu wazima. Akarudi kitini, akaanza kumwaga yaliyomo moyoni kuhusu ndoa yake, mambo ambayo hakuwahi kuyagusa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Rogers muda wote huo alikuwa akimweleza mwenye kitanda habari za kunguni.

Katika kitabu chake cha 1942 anayetibiwa akawa "mteja", si mgonjwa tena.

Ukienda leo, tarajia kuulizwa ungependa kuanzia wapi, kisha ukimya. Ukimya huo huwachoma wengi, hasa waliozoea kwamba mwenye elimu ndiye huanza kusema. Hupewi kazi ya kufanya nyumbani. Unapewa mtu anayefuatilia kwa makini unachosema na unachokaribia kusema. Mama akitamka, "Mume wangu ni mtu mzuri, sina sababu ya kulalamika," mnasihi anaweza kujibu, "Ni kama unahitaji sababu kwanza ndipo ulalamike." Hajamhukumu mume wala mke, lakini mlango umefunguka kidogo.

Wapo wanaodhani huku ni kukariri kama kasuku. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitangaza programu ya kompyuta, ELIZA, iliyoiga mnasihi wa namna hii kwa kugeuza sentensi za mtu kuwa maswali. Kilichokosekana mle ndicho Rogers alichokisisitiza katika makala yake ya 1957: mnasihi awe mkweli, asijifiche nyuma ya cheo, amthamini mteja bila masharti, na aelewe kweli. Mteja akisema, "Hapana, sijizuii, naogopa," mnasihi mzuri huliacha neno lake na kulishika la mteja. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameelezwa na wengine jinsi anavyojisikia, kule kusahihisha tu ni tukio kubwa.

Na ukimbana, "Niambie basi, nifanye nini?" Katika filamu ya mafunzo iliyotoka 1965, mama kijana aliyetalikiwa alimbana Rogers hivyohivyo: amwambie binti yake ukweli kuhusu wanaume aliokuwa nao, au la? Rogers hakumkwepa. Alikiri kwamba angetamani kuwa na jibu, kisha akakaa naye palepale penye uchungu wa kulikosa.

Njia hii ina mipaka yake. Anayefikiria kujiua, au anayesikia sauti zisizokuwepo, anahitaji hospitali pia, na haraka. Hata kwa sonona si dawa ya miujiza: utafiti wa Sheffield, Uingereza, uliotolewa 2021 ukiwa na wagonjwa 510, ulikuta kwamba baada ya miezi sita ilikuwa sawa na tiba ya kubadili fikra na mwenendo, lakini kufikia mwaka mmoja ile ya pili ilionekana kuipita kidogo. Kwa hiyo mwulize mnasihi siku ya kwanza kabisa anafanyaje kazi. Huyo wa Rogers swali hilo hulijibu moja kwa moja.