Kupima Maji Yaliyo Chini ya Ardhi Huko Voi

Mtu apandaye Milima ya Taita hukuta vijito na migomba. Lakini akishuka kwenda Voi hukuta nchi kavu yenye vumbi jekundu, ambako debe la maji lina thamani kubwa. Shida hii si ya jana. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipopita nyika ya Taru, wafanya kazi walikuwa wakiletewa maji kwa gari la moshi.

Basi kila kijiji hutamani kisima. Lakini kuchimba kisima kirefu kwa mashine ni gharama kubwa, na shimo lisilotoa maji hulipiwa kama lile litoalo. Ndiyo sababu ardhi hupimwa kwa umeme kwanza.

Maji hukaa wapi?

Upande wa Taveta, mvua ya Kilimanjaro hupenya katika mawe ya volkano na kububujika chini kuwa chemchemi. Huko Voi sivyo. Mwamba wake ni wa kale na mgumu, wala haunywi maji. Maji hukaa katika nyufa zake, na mahali ulipolika ukawa changarawe. Mwamba mkavu hukataa kupitisha umeme; changarawe yenye maji huupitisha. Conrad Schlumberger, Mfaransa, alianza kuijaribu njia hii mwaka 1912.

Kazi ya siku moja

Wapimaji huanza alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kwanza huuliza wazee visima vya zamani vilikuwa wapi, na mikuyu imeota wapi, kwa maana mkuyu hupenda mahali penye maji. Kisha huchagua mahali palipo mbali na reli, mabomba na nyua za waya, kwa sababu chuma huuvuta umeme na kuharibu hesabu. Mjini Voi, penye reli ya zamani, reli mpya ya mwaka 2017 na mabomba ya maji, jambo hili si rahisi.

Vigingi vinne vya chuma hupigwa kwa nyundo katika mstari mmoja. Ardhi ikiwa kavu mno, humwagiwa maji ya chumvi penye vigingi ili umeme uingie vizuri. Viwili vya nje hupeleka umeme wa betri ardhini. Viwili vya ndani hupima nguvu yake. Kisha vile vya nje husogezwa mbali zaidi, na kila visogezwapo umeme huzama chini zaidi. Hivyo ndivyo wapimaji wajuavyo hali ya chini bila kuchimba. Waya zaweza kunyoshwa mamia ya mita, na wachungaji hawana budi kuzuia mifugo, maana kuugusa waya wakati huo ni hatari.

Jioni hesabu huandikwa kwa mstari juu ya karatasi, au kwa kompyuta. Mstari ukianza juu, ukashuka, kisha ukapanda tena, huenda ukaonyesha udongo mkavu, kisha changarawe yenye maji, kisha mwamba mgumu.

Mashine haioni maji

Yafaa ifahamike kwamba mashine hii haioni maji. Hupima tu jinsi ardhi ikataavyo umeme. Udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme kama changarawe yenye maji, lakini kisima kilichochimbwa humo hakitoi kitu. Na maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu. Huko Voi, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, kipimo kilicho chini kabisa chaweza kuwa habari mbaya. Kwa hiyo mpimaji mwenye busara hulinganisha hesabu zake na visima vilivyo karibu, na maji yakipatikana hupelekwa kupimwa kabla ya kunywewa.

Nchini Kenya, atakaye kuchimba kisima cha namna hii hana budi kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na taarifa ya mtaalamu aliyepima mahali hapo huhitajiwa. Watu wachangiao fedha za kisima wana haki ya kuisomewa taarifa hiyo, na kuuliza maswali mawili: Je, ni maji au ni mfinyanzi? Je, ni matamu au ni ya chumvi? Ni afadhali kuuliza kabla ya fedha kutoka.